Mtego wa Tisa

Buti la mguu wa kushoto lilipokataa kutoka, Kamanda hakushtuka. Alicheka. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya kalavati, bomba nene la zege lililopita chini ya barabara, na kwa dakika kumi nzima alikuwa akipiga mayowe kwamba amekwama, nisaidieni jamani, mguu wangu, nakufa. Yote uongo mtupu. Sasa alitaka kutambaa atokee upande wa pili, ajipanguse matope, azunguke juu ya barabara na kuwaibukia wanafunzi kwa nyuma. Akavuta mguu. Mguu ukagoma. Akacheka tena, maana mtu akiigiza jambo kwa dakika kumi halafu likamtokea kweli, kitu cha kwanza ni kucheka. Kicheko cha pili kilikuwa kifupi.

Tumfahamu kwanza mtu mwenyewe. Kumhurumia kutafuata kama kutakuwapo. Alikuwa mkufunzi mkuu wa kambi ya uongozi. Kambi yenyewe ilikuwa mahema kumi na mbili, jiko la mabati, na uwanja wa nyasi zilizokanyagwa mpaka zikakata tamaa. Shule zilileta watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, wakae siku tano, warudi nyumbani wakiwa viongozi. Ndivyo barua ya kwenda kwa wazazi ilivyosema, na aliyeiandika ni yeye. Jeshini hakuwahi kufika hata getini. Alikuwa mwalimu wa michezo, akachoka kupigia filimbi mechi za watoto wasiotaka kukimbia, akaanzisha kambi. Jina la Kamanda alijipa mwenyewe na kulishonesha kwenye fulana.

Imani yake ilikuwa moja tu: kiongozi hayumbishwi. Ukiwapa watoto kazi, alisema, usiwaache waifanye kwa raha. Wavuruge. Wadanganye. Atakayeshika kazi yake mpaka mwisho, huyo ndiye. Basi kila siku aliwapa kazi na kila siku aliwatega. Kambi yoyote yenye akili huwa na neno la hatari, neno moja ambalo likitamkwa michezo yote inakoma. Neno la kambi yake lilikuwa "tangawizi." Siku ya pili, akiwa ananing'inia kwenye kamba, akapaza sauti, "Tangawizi! Tangawizi!" Watoto wakatupa kila walichoshika, wakamkimbilia. Akashuka taratibu akiwacheka. "Mnafikiri adui ataheshimu neno lenu?" akawauliza. Watoto walitazama chini kwa aibu. Msichana mmoja wa miwani, aliyepewa cheo cha Katibu, akaambiwa aandike kwenye daftari: mtego wa tatu, neno la hatari.

Asubuhi hii, siku ya nne, daftari lilikuwa na mitego sita.

Kazi ya leo ilikuwa chelezo. Watoto wanane walikaa kwenye ukingo wa kijito, hatua chache kutoka kwenye mdomo wa kalavati, wakifunga mapipa na miti kwa kamba. Kijito wakati huo hakikuwa kijito cha kutisha mtu. Maji yake yalifika kwenye kifundo cha mguu, na ndani ya kalavati yalikuwa utepe tu wa kulowesha tumbo. Lakini juu huko kulikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na mlinzi, na mlinzi huyo alifungua mlango wa maji kila siku saa sita kamili kwa ajili ya mashamba ya chini. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Ratiba nzima ya Kamanda ilijengwa juu ya mtu huyo: chelezo liwe tayari saa sita, maji yaje, saa sita na nusu lielee. Na sharti, alilolirudia mara tatu huku akiwanyooshea kidole, lilikuwa kwamba mpaka saa sita na nusu hakuna kuacha kituo chake, liwalo na liwe.

"Na mimi nitawavuruga," alisema. "Leo mtanijua."

Kisha akaingia kwenye kalavati kwa kichwa.

Sasa akavuta mguu mara ya tatu, kwa nguvu zote, na maumivu yakapanda mpaka kwenye paja. Bomba lile lilikuwa la vipande vilivyounganishwa, na katikati, kwenye maungio, vipande viwili vilikuwa vimeachana. Alipokuwa akijirusharusha kuigiza, mguu ulizama kwenye ufa huo mpaka juu ya kifundo, na jiwe lenye ukubwa wa sufuria, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisukuma kando, likateleza na kuufunga. Kujikunja alishindwa, maana mabega yalikuwa yanagusa zege huku na huku. Mkono wake uliishia kwenye paja. Mtu mwingine mwenye mikono midogo angeingia kwa nyuma, akafungua kamba za buti, mguu ukatoka kama ndizi kwenye ganda. Kazi ya dakika tano. Yeye mwenyewe asingeiweza hata kwa mwaka.

"Saa tano na dakika ishirini!" akatangaza Spika huko nje.

Spika ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi tangu jana, kijana mwembamba mwenye sauti ya kutangazia mpira. Kutangaza saa kila baada ya dakika kumi lilikuwa agizo la Kamanda.

"Spika!"

"Ndiyo, Kamanda!"

"Zoezi limekwisha. Acheni yote. Njoo hapa na mtu mmoja mwenye mikono midogo, upesi."

Spika akasema kwa heshima zote, "Kamanda, ulisema utasema hivyo."

"Nilisema lini?"

"Saa nne na nusu. Ulisema, 'Nitawaambia zoezi limekwisha, na mkiniamini mmekwisha nyinyi.' Katibu kaandika."

"Nimeandika," alisema Katibu. "Na hii ya sasa naiandika. Mtego wa nane."

"Wa saba ulikuwa upi?"

"Kukwama, Kamanda."

Mtu akacheka, wengine wakamfuata, kicheko kizuri cha watoto waliokula vizuri asubuhi. Jambo la ajabu ni kwamba moyoni Kamanda alisikia fahari kidogo. Siku ya kwanza watoto hawa walikuwa wakikimbia ovyo kama kuku. Sasa walikaa imara. Fahari hiyo haikukaa sana.

"Tangawizi!" akaita.

Walicheka mpaka mmoja akaanza kukohoa.

Akatafuta filimbi kifuani, akaivuta kwa shida hadi mdomoni, akapuliza mara tatu, ishara ya dharura inayojulikana kila mahali. Ndani ya zege mlio ulimpasua masikio. Nje, watoto wakajibu kwa makofi matatu, pa, pa, pa, wote kwa pamoja. Naam, hilo nalo aliwafundisha mwenyewe siku ya kwanza: filimbi ya Kamanda hujibiwa kwa makofi, kisha kila mtu anaendelea na kazi.

"Saa tano na nusu!"

Simu yake ilikuwa kwenye sanduku kambini pamoja na simu za watoto, aliiweka humo mbele yao ili awe mfano. Mpishi alikuwa jikoni, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na jikoni kulikuwa na redio. Mwalimu aliyekuja na watoto alikuwa ameondoka asubuhi kumpeleka mmoja wao kwa daktari wa meno. Kamanda alimwambia aende bila wasiwasi, watoto wako mikononi mwangu.

"Sikilizeni," alisema, akijitahidi sauti iwe ya kawaida. Lakini kalavati halikuwa na sauti ya kawaida. Kila neno lilitoka likiwa limevimba. "Mnajua saa sita maji yanakuja?"

"Ndiyo, Kamanda! Ndiyo maana tunakaza mwendo!"

"Yatapita humu. Nilimo mimi."

"Sawa, Kamanda!"

Hapo ndipo hofu ilipomkamata. Mpaka wakati ule alikuwa na hasira, na hasira humpa mtu cha kufanya. Sasa alitazama mbele, kwenye duara la mwanga upande wa juu, upande ambao maji yangeingilia, akaona majani makavu yaliyonasa darini mwa bomba. Akajua majani yale yaliletwa na nini, na yalifikaje juu hivyo. Maji ya saa sita yalijaza bomba hili hadi juu. Akaanza kuhema mbiombio. Zege likamgusa mgongo kila alipovuta pumzi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita, na alikuwa amemwacha mwisho kwa sababu aliona haya.

Binti yake alikuwa miongoni mwa wale wanane. Shule yake ndiyo iliyokuja wiki hii. Usiku wa kabla ya safari mama yake alimwambia Kamanda, "Mtoto anaona raha kwamba anakuja kwako, umtazame lakini." Na asubuhi, mlangoni, binti akifunga mkoba, Kamanda akamwambia kule hakuna baba. Kule kuna Kamanda. Sitaki wenzako waone unapendelewa. Binti akasema sawa. Alikuwa amezoea. Nyumbani kwao, nyumba ya vyumba viwili na ukumbi mwembamba, kitanda kilikaguliwa kila asubuhi na shuka lilivutwa upya likiwa na mkunjo. Mtoto huyo alijifunza mapema kwamba baba yake haambiwi "nimechoka," anaambiwa "nimemaliza."

Na hata hivyo siku ya kwanza alichaguliwa na wenzake kuwa kiongozi, kwa kura saba. Kamanda hakuingiza mkono wake. Alifurahi peke yake hemani.

Kisha ikaja jana. Jana alijilaza chini ya mti na wino mwekundu kipajini, akikoroma kama mtu anayekata roho. Kikundi kilikuwa kinapitisha ndoo za maji kwenye mstari. Binti alikuwa wa kwanza kutupa ndoo. Alikuja akikimbia, akapiga magoti, akamshika kichwa, akasema "baba, baba, baba," bila kupumzika, na machozi yakamdondokea Kamanda usoni. Wenzake wakaacha mstari wakamfuata. Kamanda akafungua macho, akaketi, akajifuta wino kwa mkono wa fulana.

"Sifuri," akasema. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wanatazama, na kwa kuwa alikuwa ameguswa na hakutaka waone, akaongeza: "Wewe ndiye uliyewaangusha wenzako. Moyo wako ni mwepesi kama karatasi. Toka kwenye uongozi. Na hapa mimi si baba yako."

Tangu hapo binti alifanya kila alichoambiwa, wala hakumtazama tena usoni.

"Saa tano na dakika arobaini!"

"Mwanangu," akaita Kamanda.

Nyundo iliyokuwa ikigonga mti ikasimama.

"Mwanangu, unanisikia?"

"Niko kwenye kituo changu, Kamanda," ikajibu sauti ya binti. Ilikuwa sauti safi, haina hata kovu.

"Acha kituo. Njoo. Mimi ni baba yako, nimekwama kweli."

"Hapa hakuna baba, Kamanda."

Spika akasema kwa sauti ya chini, lakini bomba liliokota kila kitu, "Safi sana. Usiyumbe."

Kamanda akaegemeza paji la uso kwenye matope. Akajiuliza ni kitu gani ambacho hajawahi kukiigiza mbele ya watoto hawa. Kulia ameshalia. Kufa ameshakufa, mara mbili. Ameomba, ametisha, ameapa. Katika kila kitu ambacho mtu hukitumia kumwambia mwenzake kwamba sasa ni kweli, hakuna hata kimoja alichokibakisha. Kimoja tu. Alikifikiria, na ingawa maji yalikuwa njiani, bado alisita, maana kilikuwa kigumu kutoka kuliko mguu.

"Nataka kusema jambo," akaanza. "Si amri. Mimi huwa naogopa hili bomba. Kila wiki nikiingia humu nafumba macho. Nimewaambia watoto mia ngapi kwamba woga ni wa wavivu, na mimi mwenyewe nafumba macho." Akapumua. "Na jana nilikosea. Mwanangu, nakuambia mbele ya wenzako, kwa kuwa mbele yao ndiko nilikokuaibisha. Uliponishika kichwa nilijisikia vizuri. Sijawahi kujisikia vizuri vile. Nikaona aibu, nikakuumiza wewe. Hukumwangusha mtu. Moyo wako hauna kasoro. Naomba unisamehe."

Alikuwa analia, na hakujifuta.

Kamanda akasikiliza kwa mwili wote. Akasikia kalamu.

"Mtego wa tisa," alisema Katibu polepole, akiandika. "Msamaha."

"Huo ni mkali, Kamanda," akasema Spika, na kweli alikuwa anamsifu. "Huo karibu unipate hata mimi."

Kamanda akawa amelala tu, shavu kwenye utepe wa maji, akiwasikia watoto wanarudi kwenye mafundo yao, vuta, kaza, shikilia hapo. Walifanya kazi vizuri. Walipeana zamu, walisaidiana, hakuna aliyemfokea mwenzake. Mzazi yeyote angewaona angelia kwa furaha.

"Saa tano na dakika hamsini!"

Hakuita tena. Wazo la mkewe likamjia, jinsi atakavyopewa habari: amekufa wapi? Ndani ya bomba. Watoto walikuwa wapi? Hatua kumi na tano. Na binti? Hapo ndipo alipong'ata mkono wa fulana, kwa sababu binti ataishi na jambo hili miaka yote, ataamka nalo, atazeeka nalo, na kosa halikuwa lake hata chembe. Akavuta mguu tena na tena kama mnyama, mpaka akasikia kitu kinapasuka, nyama au uzi, lakini jiwe likabaki pale pale.

"Unakwenda wapi?" ilikuwa sauti ya Spika. "Rudi kituoni! Utatuangusha tena!"

Kisha mwanga wa nyuma ukapungua, na viganja vikasikika vikitambaa kwenye zege.

"Usinisemeshe," alisema binti. Alikuwa anazungumza na nyayo za buti, maana hakuna kingine alichoweza kuona. "Nimekuja kusema neno moja, halafu naenda hemani kufunga mizigo. Mwalimu akirudi naondoka naye."

"Mwanangu..."

"Nimesema usinisemeshe!" Sauti yake ikapasuka. "Ungeigiza vyote. Kulia, kufa, sawa, tumezoea. Lakini lile la jana usingeligusa. Nimelala nalo. Nilikuwa nangoja uje useme, hata kwa kificho, hata hemani. Wewe umelichukua ukalifanya mtego. Ukajitia na kulia. Sikutaki. Ndilo neno lenyewe. Nimemaliza."

Kamanda akafungua mdomo kusema lilikuwa la kweli, akaufunga. Neno lolote ambalo angelitoa lingekuwa mtego wa kumi. Maisha yake alikuwa na maneno mengi kuliko watu wote aliowajua, na sasa hakuwa na hata moja la kununulia dakika tano.

"Shika buti," akasema.

"Nini?"

"La kushoto. Huna haja ya kuamini kitu. Livute tu. Likitoka, nenda zako."

Akalivuta kwa hasira, mikono miwili, kama mtu anayetaka kumwumbua mwongo. Kamanda akapiga ukelele. Binti akaliachia. Kisha akalivuta tena, taratibu zaidi, na vidole vyake vikapapasa vikashuka kwenye ufa, vikakutana na jiwe.

"Umelifunga na nini?" akauliza, sauti imebadilika.

"Sijalifunga."

"Kuna damu hapa."

"Ndiyo."

"Ni wino?"

Swali hilo lilimuuma Kamanda kuliko jiwe. Kabla hajalijibu, nje Spika alitangaza saa sita kamili, na watoto wakashangilia. Kwa mbali sana, juu, kitu kilianza kunguruma.

"Kamba za buti," alisema Kamanda. "Fungua kamba tu. Usihangaike na jiwe."

Alikuwa amezifunga fundo mara mbili, kama alivyowaamuru wote wafunge, na fundo lilikuwa limelowa. Binti akakwangua kwa kucha. Akainamisha kichwa akalivuta kwa meno. Kamanda akawa anatazama duara la mwanga mbele yake. Chini yake kulitokea povu la kahawia lenye vijiti, likamjia usoni taratibu kabisa, likamgawanyikia kidevuni, likapita. Nyuma ya povu utepe wa maji ukanenepa. Ukafika kwenye midomo. Akainua kichwa, utosi ukagonga zege.

"Toka," akamwambia. "Toka nje, mwanangu. Imetosha. Nenda."

"Nyamaza."

"Nakuamuru!"

"Niache nifanye kazi!"

Fundo la kwanza likaachia. La pili. Maji yakaja yote kwa mkupuo, baridi, yakiwa na uzito wa watu, yakamziba Kamanda macho na pua, na katika giza hilo akasikia vidole viwili vikiingia ndani ya buti, kati ya ngozi na soksi, vikamshika kisigino. Mguu ukatoka. Maji yakawasomba wote wawili kinyumenyume, yakawapigiza kwenye zege huku na huku, yakawatapika kwenye kijito mbele ya mapipa.

Aliposimama alikuwa na buti moja. Maji yalimfika kiunoni na nyuma yake kalavati lilikuwa limejaa hadi juu, likinguruma. Binti alikuwa ameshika mzizi ukingoni, anakohoa, mdomo unavuja damu pale alipong'ata fundo. Kamanda akamsukuma juu, akajivuta, akalala kwenye nyasi.

Watoto saba walikuwa wamekaa kwenye vituo vyao, kila mmoja na kamba yake mkononi. Wakawatazama. Kisha wakapiga makofi matatu.

"Kamanda," akasema Spika, "hivi tumepita au tumeshindwa? Ameondoka mmoja tu."

Kamanda hakumsikia vizuri. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyekuwa akikamua mikono ya sweta kwa bidii, kama kwamba hapakuwa na kazi nyingine duniani.

"Uliniamini," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Hapana," akasema binti. "Wewe sikukuamini. Niliamini maji."

"Yale niliyosema humo ndani. Ya jana. Yalikuwa ya kweli."

Binti akaacha kukamua. Akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu jana, akamchunguza macho, akachunguza na mdomo, kama mtu anayesoma barua kwa mwandiko mbaya. Alitaka. Kamanda aliona wazi kabisa kwamba alitaka.

"Nitajuaje?" akauliza.

Kamanda akafikiri. Maji yalipita. Akafikiri mpaka binti akaona kwamba jibu halipo, akaendelea na sweta.

Maji yalikuwa yanazidi kupanda, yameshawafikia vidoleni wale waliokaa chini karibu na mapipa. Kamanda akawageukia.

"Basi, zoezi limekwisha. Inukeni, turudi kambini."

Hakuna aliyesogea. Spika alitazama saa yake, kisha akamtazama Katibu. Katibu akafunua ukurasa mpya.

"Watoto, nimesema inukeni."

"Bado dakika ishirini na tatu, Kamanda," alisema Spika kwa adabu, na maji yakampanda kwenye kifundo.

Akaapa. Akaonyesha mguu wake uliochanika, uliokuwa unatiririka damu kwenye nyasi. Mmoja wao akainama kuutazama kwa karibu, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa, akarudi kwenye nafasi yake.

Binti akasimama. Alikuwa amechoka, na hakuinua sauti.

"Inukeni," akasema. "Mnalowa. Twendeni tukale."

Wakainuka wote saba. Waliviringisha kamba, wakavuta chelezo mpaka pakavu, wakaokota nyundo na daftari, wakashika njia ya kambini nyuma yake, mmoja mmoja. Kamanda akafuata mwisho, mguu mmoja ndani ya buti na mwingine peku, na njia nzima hakuna aliyegeuka kuangalia kama anachechemea kweli.